Nyenje wa Maseno kwa mjusi aliyegoma kukua: nyota nne

Naanza na bei maana ndiyo mnayoitafuta. Kopo la yoghati la nusu lita, limejaa nyenje wadogo, ni shilingi 300. Matatu ya Maseno hadi Kisumu inatoza 50 ya mzigo, unauchukua mwenyewe stejini. Mama anayewafuga hana duka wala bango. Ana kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, kreti za plastiki, na trei za mayai zimesimamishwa ndani yake kama vitabu. Wateja wake ni wenye kuku na watu wanaowakaanga kwa chumvi wakawala wenyewe. Nilipomwambia wangu ni wa mjusi, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Haya basi, baba. Kila mtu na mgeni wake."

Mgeni wangu anaitwa Sharafa. Ni mjusi wa ndevu, wa jamii inayotoka nyika kavu za Australia, ila yeye amezaliwa mikononi mwa watu. Rafiki yangu aliyehama mji aliniachia mwezi wa nne, pamoja na tangi lake la kioo na karatasi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Alikuwa na miezi miwili na sentimita 17, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Mwezi mmoja baadaye alikuwa na 17 na nusu. Wenzake hukaribia urefu wa utu uzima, sentimita 40 hadi 60, kabla hawajafikisha miaka miwili, wengine ndani ya mwaka mmoja tu. Kwenye mizani ya jikoni alisoma gramu 19. Wiki mbili baadaye 20, na hiyo moja nashuku ilikuwa choo.

Kila niliyemuuliza aliniambia nimlishe zaidi. Nikamlisha. Anakula nyenje watatu, anageuza uso, anafumba macho. Ndipo nikapiga simu Maseno kuagiza makopo mawili badala ya moja.

"La juzi amelimaliza?" Mama akauliza.

"Bado."

"Sasa la pili la nini? Hapo anapokaa pana joto? Hawa wangu baridi ya mwezi wa saba ikishuka hawakui, chakula wanakitazama tu. Mpaka niwawashie taa."

Nilicheka. Joto, Kisumu? Mji ambao shuka tunaikunja tukailalia?

Lakini mimi ni fundi wa simu, na multimita yangu ina waya wa kupima joto. Jioni hiyo nikalaza ncha ya waya kwenye kile kipande cha kigae ambacho Sharafa huota joto. Digrii 31. Mjusi mdogo wa aina hii anataka mahali pa digrii kama 40, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto lake, na asipopashwa tumbo halisagi. "Jua" lake lilikuwa sawa na hewa ya sebuleni kwangu saa nane mchana. Ningemwagia gunia zima la nyenje, wangebaki wamekaa tumboni.

Taa yenyewe nilikuwa nimeuziwa mjini kwa 1,400, eti ni ya wanyama, inatoa UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Nilipoitazama vizuri ni balbu ya kawaida, kioo kimepakwa rangi ya buluu. Duka silitaji, sote tunatafuta riziki mji huu. Na zile asubuhi zote nilizomweka dirishani aote jua? Bure. Kioo cha dirisha huzuia miale ya UVB, na bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalisiamu haishiki, mifupa inalegea.

Nikanunua taa ya spoti, ile inayomulika mahali pamoja, nikaishusha kidogo kidogo huku nikipima mpaka kigae kikasoma 40. Upande wa pili niliuacha 27 apate pa kukimbilia. Alipanda kigae, akajibandika bapa kama chapati kwenye kikaango, na baada ya robo saa akaachama mdomo. Nilishtuka nikidhani anakata roho. Kumbe ndivyo wanavyopunguza joto likiwatosha. Alikula nyenje kumi na mmoja kabla ya saa sita.

Tyubu ya UVB ya kweli ilifika kutoka Nairobi baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo nilikuwa namtoa nje saa tatu asubuhi kwa nusu saa, ndani ya kreti ya waya, nusu imefunikwa leso. Sibanduki hapo, mwewe wa Kisumu anakunyang'anya nyama mkononi, sembuse mjusi. Choo chake nilikipeleka kwa daktari wa mifugo, hakikuwa na minyoo.

Turudi kwa nyenje. Wanafika wazima, tena wameshiba majani ya viazi vitamu na karoti, na hilo ni muhimu: tumbo la nyenje ndilo sahani ya mjusi. Mama huchagua wasiozidi upana kati ya macho mawili ya Sharafa. Mimi nawatia kwenye mfuko pamoja na unga wa kalisiamu, natikisa, wanatoka weupe kama wasaga unga, kwa kuwa nyenje peke yake ana fosforasi nyingi kuliko kalisiamu.

Nyota moja nimeiondoa kwa kopo la mwezi wa sita, lililochanganyika na wakubwa. Mmoja alitoroka akaimba nyuma ya friji saa tisa usiku. Jirani alidhani ni king'ora. Tena mkubwa akibaki tangini usiku anaweza kumng'ata mjusi aliyelala. Mama aliomba radhi, akaongeza nusu kopo, na siku hizi anawachekecha kwa wavu.

Jana Sharafa amesoma gramu 34 na sentimita 22, na ngozi ya mgongoni inambanduka vipande vipande. Nikamtumia Mama picha. "Huyo sasa," akajibu, "lete oda ya makopo mawili."

Agizeni mapema, kabla ya Ijumaa. Jumamosi yuko kanisani na simu ameizima.