USS Midway huko San Diego: meli inayokuonyesha rubani wa kivita anavyoishi

Ukipita San Diego na una siku moja tu ya kutembea, ipeleke USS Midway, meli ya zamani ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyobeba ndege za kivita, ambayo sasa ni makumbusho. Nasema hivi nikiwa mtu wa ndege. Nilisomea kuongoza ndege kutoka ardhini huko Embakasi, nikafanya kazi kwenye mnara wa uwanja wa Mombasa mpaka nikastaafu, na sasa niko California kwa binti yangu. Makumbusho ya ndege nimeyaingia kadhaa. Mengi yanakusimamisha mbele ya bati lililopakwa rangi vizuri, ukasoma kibao, ukaenda zako. Humu nimeonyeshwa kazi ya rubani kutoka anapoamka mpaka anaporudi kitandani, na ndiyo sababu ninaandika.

Meli iliingia kazini Septemba 1945, vita vikuu vikiwa vimemalizika siku chache tu, ikatolewa kazini 1992 baada ya kupigana vita vya Ghuba. Ilifunguliwa kuwa makumbusho Juni 2004. Imefungwa gatini katikati ya mji, huna haja ya boti. Waliishi humo watu wapatao 4,500, na marubani walikuwa sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Wageni wengi wakipanda hukimbilia sitaha ya juu kupigwa picha na ndege za kivita kama Phantom na Tomcat. Mimi nakushauri utafute kwanza vyumba vya maandalizi vya marubani. Kila kikosi kilikuwa na chake. Utakuta viti vikubwa vya ngozi vimepangwa safu, vyote vinatazama ubao mmoja, kila kiti na kijimeza chake cha kuandikia. Mbele kuna meza ya afisa wa zamu, yeye ndiye anayejua nani anaruka saa ngapi na ndege gani. Mavazi yametundikwa: kofia, barakoa ya hewa, na ile suruali yenye mifuko ya upepo. Mjukuu wangu alidhani ni ya kumwelesha rubani majini. Kazi yake ni nyingine. Ndege ikikata kona kali damu yote hukimbilia miguuni, rubani huanza kuona giza na anaweza kuzimia. Mifuko ile hujaa hewa yenyewe, ikabana mapaja na tumbo, damu ikabaki kichwani.

Kaa kwenye kiti kimoja, wanaruhusu. Rubani alikuwa anaingia humo kama saa mbili kabla ya kuruka. Wanazungumzia hali ya hewa, mafuta, masafa ya redio, nani anamfuata nani, na injini ikizima wafanye nini. Kuruka kwenyewe mara nyingi ni saa moja na nusu hivi. Wakirudi wanaketi tena kwenye viti vile vile kuchambua kila kilichotokea, na mazungumzo hayo yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari. Baada ya hapo kila mmoja ana kazi nyingine ya kikosi: huyu anapanga ratiba, yule anasimamia usalama, mwingine ana mafundi wa kuwaangalia na makaratasi yao. Maofisa wadogo walilala vyumba vya watu wengi, chini ya sitaha inayopigwa na magurudumu usiku kucha. Ukipita kwenye korido zile nyembamba utaona kwamba hapakuwa na pembe ya mtu kukaa peke yake.

Na kulikuwa na televisheni. Kamera kwenye sitaha zilirusha picha ya kila ndege inayotua, na wenzako wote waliokaa chumbani walikutazama. Hilo nimelifikiria sana. Mimi nilifanya kazi nikirekodiwa sauti kila neno, najua kusikilizwa kulivyo, lakini kutazamwa na watu utakaokula nao chakula cha jioni ni jambo jingine kabisa.

Sasa panda juu, nenda tezini, yaani nyuma ya meli, usubiri maelezo ya kutua. Yanatolewa na wazee wanaojitolea, wengi wao waliwahi kutumikia jeshi la wanamaji, na baadhi walikuwa marubani hasa. Hapa ndipo pesa ya tiketi inapolipa. Sitaha yote kutoka tezi hadi omo, yaani mbele ya meli, ni kama mita 300, na eneo la kutua ni fupi zaidi, tena limekatwa mshazari. Barabara yetu ya ndege Mombasa inazidi kilomita tatu, na haiendi popote. Hii inapanda, inashuka na inasonga mbele wakati rubani anaifuata. Midway ilikuwa na waya tatu zilizolazwa kukingama. Ndege inateremsha kulabu nyuma, na kulabu isiponasa waya, hakuna breki itakayokusaidia. Kwa hiyo magurudumu yakigusa tu, rubani anafungulia injini mpaka mwisho. Watu waliokuwa karibu nami waliguna. Lakini ni sawa: akinaswa, waya utamzuia hata injini zikinguruma, na akikosa, anakuwa na kasi ya kupaa tena kabla sitaha haijaisha.

Anachokitazama akija ni taa. Kuna mstari wa taa za kijani, na katikati taa moja ya rangi ya chungwa inayoonekana kupanda au kushuka. Ikiwa juu ya kijani, amekuja juu mno. Ikiwa chini, ameshuka mno, na ikigeuka nyekundu yuko hatarini kugonga tezi. Pembeni anasimama rubani mwenzake mwenye redio, anamwongoza, na ana mamlaka ya kumfukuza aende azunguke upya. Huyo huyo anaandika alama za kila mtu anayetua. Baadaye anateremka chumba cha maandalizi na kuzisoma, uso kwa uso, wenzake wakisikia, kisha zinabandikwa ukutani kwa rangi.

Nilimuuliza mzee aliyekuwa anaeleza, ambaye aliwahi kurusha Phantom, kama alama zile hazikuwavunja moyo vijana. Akasema usiku usio na mwezi ulimtisha kuliko kitu chochote alichorushiwa na adui, na kwamba bila alama zile asingejua ni wapi alikuwa anakosea. Tukazungumza mpaka binti yangu akaja kunitafuta. Waulizeni wazee hawa maswali. Wanafurahi, na wanajibu kwa kirefu.

Ziara ya mnara wa meli ina foleni yake na mwelekezi wake, kwa vikundi vidogo. Nilikuwa na hamu kuiona kuliko yote, na haikuniangusha. Kule juu ndipo anapokaa msimamizi wa ndege zote zilizo karibu na meli, akiona sitaha nzima na wafanyakazi wake wenye fulana za rangi: njano wanaelekeza ndege, zambarau wanatia mafuta, nyekundu wanashika mabomu na makombora, kijani wako kwenye manati ya kurushia ndege na waya za kuzinasa. Kwa kelele ile maneno hayafai kitu, rangi inakuambia nani ni nani.

Ila waliofanya kazi kama yangu, wakiongoza ndege kwa rada, walikaa tumboni mwa meli, gizani. Usiku, ndege zinazorudi hupangwa nyuma ya meli, moja juu ya nyingine, zikitengana futi 1,000. Kila rubani anapewa wakati wake wa kuanza kushuka, na lazima awe amefika pale angani wakati huo huo, sekunde chache tu ndizo anazosamehewa. Kisha wanashuka wakiachana dakika moja. Dakika moja! Mombasa sikuwahi kuthubutu. Natamani makumbusho yangelipa jambo hili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndege zilizo juu watu wanaziona wenyewe, lakini utaratibu huu hauonekani mpaka uelezwe.

Historia ya vita imeelezwa vizuri na sitairudia. Ndege za Midway ndizo zilizoangusha MiG, ndege za kivita za adui, za kwanza za vita vya Vietnam, Juni 1965, na ya mwisho pia, Januari 1973. Iliyonisimamisha mimi ni simulizi ya Meja Buang-Ly wa Vietnam Kusini, aliyefika juu ya meli mwishoni mwa Aprili 1975 kwa kijindege kidogo, mkewe na watoto watano ndani, bila mawasiliano ya redio. Aliangusha vikaratasi mpaka kimoja kikaokotwa. Nahodha Lawrence Chambers akaamuru helikopta zisukumwe baharini ili apate nafasi. Akatua bila kulabu, wote wakashuka wazima.

Kwa wanaojiandaa kwenda: milango hufunguliwa saa nne asubuhi, na ni bora uwe hapo mapema uiwahi foleni ya mnara. Ngazi za ndani zimesimama wima na vizingiti viko juu. Mimi magoti yangu yalilalamika lakini nilifika, ila mwenye fimbo abaki sitaha kuu na ile ya juu, ambako kuna lifti. Vaa kofia na viatu vya raba. Kifaa cha kusikiliza maelezo kimo ndani ya bei ya tiketi, japo Kiswahili hakimo, kwa hiyo kama una wazazi wasiojua Kiingereza tenga muda wa kuwatafsiria. Simuleta hulipiwa kando. Wajukuu walizifurahia, mimi ningetumia muda huo kurudi tezini kusikiliza mzee mwingine, maana kila mmoja anaeleza kutua kwa namna yake.