Hom thieta ya "wati 1000" kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, nimekaa nayo miezi mitatu

Nianze na chumba maana chumba ndo kilichoniponza. Napanga Tabata, chumba na sebule, sebule yenyewe futi kumi kwa kumi na mbili, marumaru chini, jipsamu juu, dirisha kubwa la aluminiamu upande mmoja, kochi la watu watatu limegusa ukuta wa nyuma na TV ya inchi 43 iko ukuta wa mbele. Kwenye sebule hiyo hiyo, na akili zangu timamu kabisa, nikaenda Kariakoo kununua hom thieta ya spika tano na sabufa yenye ukubwa wa stuli. Boksi limeandikwa wati 1000 kwa maandishi ya kusomeka toka kituo cha mwendokasi. Kampuni siitaji na duka silitaji, wala sio kwamba walinitapeli, mashine ni nzima mpaka leo, ila mengi niliyokosea ni yangu mwenyewe na machache ni ya boksi.

Bei alianza laki nne na themanini tukamalizana laki tatu na nusu. Nilikuwa na winga, kijana kanidaka tu nashuka, "boss wangu unatafuta nini, njoo nikupeleke kwa bei ya jumla", nami nikafuata kama mbuzi. Ukijua mlango unaoenda ingia mwenyewe, ile hela ya winga inatoka mfukoni kwako hata kama humuoni akipewa.

Sasa pale dukani walivyoipiga, aisee, singeli fulu, sabufa imewekwa mlangoni kabisa inaangalia barabara, suruali inatetemeka. Nikasema hii hii. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba pale mlangoni besi inatoka nje inapotea, hamna ukuta wa kuirudisha, ndo maana wanaifungulia mpaka mwisho na bado inasikika tamu. Ukiipeleka kwenye chumba cha kuta nne kitu kile kile kinageuka kuwa ugonjwa.

Na kweli kikageuka. Siku ya kwanza nimeitupa sabufa kona, karibu na dirisha, maana ndo sehemu pekee iliyokuwa wazi na mama watoto hakutaka ikae karibu na meza ya TV. Kila nyimbo ikawa na besi moja tu, vuuum, vuuum, iwe taarabu iwe amapiano iwe taarifa ya habari, mtangazaji akisema "Dodoma" dirisha linajibu. Kufika saa tatu usiku jirani akagonga, mama mtu mzima anaheshimika pale kwenye nyumba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba halafu akauliza kwa upole kabisa, "Baba, kwani leo kuna kigodoro hapa?" Niliona aibu mpaka nikazima.

Nikaanza kusoma, nikaelewa kwamba shida sio sabufa, ni hesabu. Sauti kwa joto letu la nyuzi 30 inakimbia karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba cha futi kumi ni mita 3.05, wimbi ambalo nusu yake inaenea ukuta hadi ukuta ni la hezi 57 hivi (yani mitetemo 57 kwa sekunde), na kwa zile futi kumi na mbili (mita 3.66) ni hezi 48 hivi. Kwaiyo chumba changu kina noti zake mbili kinazozipenda, besi ikigusa hapo chumba chenyewe kinaimba pamoja na spika na kinachelewa kunyamaza. Ukiiweka sabufa kona unaziamsha zote kwa pamoja, na ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma unakaa pale pale ambapo zinavimba zaidi. Mi nilikuwa nimefanya vyote viwili. Af ukiwa na chumba cha mraba kabisa, kumi kwa kumi, ndo mbaya zaidi maana noti zote mbili zinaangukia sehemu moja, na vyumba vya hivyo Dar viko vingi balaa.

Dawa yake haina gharama ila inatia aibu kidogo. Unaibeba sabufa unaiweka juu ya kochi pale unapokaaga, unapiga nyimbo ambayo besi yake inapanda na kushuka, halafu unatambaa chini pembeni ya kuta, sikio karibu na sakafu, unatafuta sehemu ambayo besi inasikika imenyooka, kila noti na nafsi yake. Ukiipata ndo unaihamishia sabufa hapo. Nimetambaa hapo sebuleni mtoto amenipanda mgongoni kama punda, mama watoto anarekodi na simu. Sehemu iliyoshinda ni ukuta wa TV karibu na katikati, pembeni kidogo ya meza, ile ile aliyoikataa. Kochi nikalivuta futi moja toka ukutani. Wallahi ilikuwa kama nimenunua redio nyingine, na kitasa cha besi nikakishusha mpaka chini ya nusu.

Turudi kwenye wati maana hapa watu wengi wanapigwa. Geuza mashine nyuma, tafuta kile kistika kinachoonyesha volti, 220 mpaka 240, hezi 50, halafu angalia inakula wati ngapi. Yangu imeandikwa 90. Sasa kitu kinachokula wati 90 kwenye soketi kitatoaje wati 1000 kwenye spika kwa mfululizo, hizo nyingine kinazitoa kwa mganga? Ile elfu moja ni PMPO, kilele cha kufumba na kufumbua ambacho kila kiwanda kinajipimia kivyake. Namba ya kutafuta ni RMS, ndo nguvu inayoendelea.

Ila usisikitike sana, hizo wati hazihitajiki. Chukua spika ya desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yani ukiipa wati moja na we umesimama mita moja unapata desibeli 86, rudi nyuma mpaka mita mbili zinabaki kama 80, ipe wati kumi unapata 90. Desibeli 90 kwenye sebule yangu ni kelele ya kuongea kwa kupayuka. Wati kumi tu hizo! Na ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu basi, sikio linaona tofauti ndogo. Kwaiyo kati ya boksi la 1000 na boksi la 500 kwa chumba cha kupanga unanunua namba. Na kwa wanaoogopa LUKU, hata ikivuta zile wati 90 muda wote masaa manne kwa siku ni uniti 0.36, mwezi mzima haifiki kumi na moja, na kwa sauti ya kawaida inakula pungufu ya hapo.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hiyo 5.1, yani spika tano na sabufa moja. Nilijua nikinunua spika tano helikopta itapita juu ya kochi. Kuja kuangalia nyuma ya mashine kuna tundu la waya nyekundu na nyeupe, la flashi, antena ya redio na blutuuthi, basi. Hakuna HDMI, hakuna optiko (matundu ya kuleta sauti ya kidijitali toka kwenye TV), hakuna alama yoyote ya Dolby, ule mfumo wa kila spika kupewa sauti yake. Maana yake inapokea sauti mbili tu, kulia na kushoto, halafu inazigawa kwenye spika zote tano. Zile za nyuma zinaimba kitu kile kile cha mbele. Ni 5.1 ya kuhesabu maboksi. Ukitaka ya kweli hakikisha ina HDMI iliyoandikwa ARC (ndo inayotoa sauti ya TV kuileta kwenye mashine, ilianza 2009, kwaiyo TV nyingi za sasa zinayo, angalia tundu lenyewe limeandikwa) au angalau optiko, na iwe imeandikwa inafungua Dolby Digital. Na hata ukiwa nayo jiulize unaangalia nini. Mi ni mpira kwenye kisimbuzi, YouTube, na movi zilizotafsiriwa na DJ za kuweka kwenye flashi. Movi zote nilizonazo za DJ ni stereo, yani kulia na kushoto tu, nilizicheki moja moja kwenye kompyuta, jamaa anaongea katikati na milipuko inajificha nyuma ya sauti yake. Helikopta itapitia wapi.

Spika za nyuma nazo kuziweka ni shughuli. Zinatakiwa zikae pembeni yako na nyuma kidogo, kama nyuzi 110 mpaka 120 ukihesabu toka mbele, juu ya masikio kidogo. Kochi likiwa karibu na ukuta hiyo nyuma haipo, inabidi uzibandike ukuta wa kulia na kushoto, na mwenye nyumba wangu hataki kusikia habari ya msumari. Nikaziweka juu ya kabati la vyombo moja, nyingine juu ya friji. Juu ya friji jamani. Mwezi wa pili nikazichomoa zote mbili na sikuona kilichopungua, kwanza waya zilikuwa zinapita mlangoni kila mgeni anajikwaa.

Kilichobaki, yani spika tatu za mbele na sabufa, kwa kweli kilikuwa kizuri kuliko nilivyotegemea. Ile ya katikati ndo inabeba maneno, mwanzoni nilikuwa nimeisukumia ndani kabisa kwenye shelfu ya meza ya TV, watu wanaongea kama wako ndani ya ndoo. Nikaivuta mpaka ukingoni, nikaiwekea kipande cha ndala chini kwa mbele ili iangalie masikio badala ya magoti, maneno yakanyooka. Kulia na kushoto ziweke mbali kiasi kwamba ukikaa kwenye kochi, toka kwako mpaka kila spika na toka spika hadi spika umbali ulingane au ukaribiane, pembetatu flani hivi.

Halafu kuna mwangwi. Piga kofi moja katikati ya sebule, ukisikia kama inalia chringgg ujue marumaru na kioo vinarudishiana sauti na hata ununue spika ya milioni itasikika kali. Zulia la manyoya na pazia zito la dirisha lile vilinigharimu chini ya laki na vilisaidia kuliko ningeongeza spika. Ila pazia halizuii besi, tusidanganyane, besi inapita kwenye tofali kama haioni, na kwa jirani unaisikia hiyo hiyo tu bila nyimbo. Kwaiyo usiku besi chini, ndo namna pekee.

Blutuuthi toka kwenye TV achana nayo kwa kuangalia picha, kwangu mdomo ulikuwa unafunga ndo neno linafika, mpira umeshapigwa ndo unasikia pu. Kwa muziki wa kwenye simu haina shida kabisa. Tumia waya. Na weka gadi ya umeme, umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo hizi mashine za boksi hazina uvumilivu.

Kuhusu duka, huduma ilikuwa ya kawaida ya Kariakoo, wachangamfu mpaka hela ikiingia. Risiti nilipewa baada ya kuiomba mara mbili, imegongwa muhuri mali ikishauzwa hairudishwi, na nilipopiga simu kuuliza tundu la HDMI jamaa akaniambia, "Bro hiyo sio mambo yake." Sawa, ni kweli sio mambo yake, ila angesema kabla. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza chumba changu kikubwa kiasi gani. Baadaye nilipita kwa mzee mmoja fundi redio hapa hapa Tabata kuunganisha waya, shikamoo tu bado haijaisha ananiuliza, "Mwanangu, sebule futi ngapi? Na kochi liko wapi?" Huyo angeipata laki tatu na nusu yangu ningekuwa nalala vizuri.

Alama zangu, kwenye sebule ya futi kumi naipa 4 kwa 10, ukichomoa za nyuma na kuhamisha sabufa inapanda mpaka 6. Lakini binamu yangu ana kibanda umiza Gongo la Mboto, bati juu, mabenchi, watu sitini siku ya Simba na Yanga, akaja kuisikiliza akasema hiki ndo kitu alikuwa anatafuta. Nikamuuzia laki mbili na thelathini. Kule nimeenda Jumapili nimeisikia, kwa ukubwa wa banda lile besi inakaa vizuri, spika zote tano zinaimba kitu kile kile na ndo inavyotakiwa maana kila benchi lisikie. Kule 8 kwa 10 bila wivu.

Mimi sasa hivi nina saundiba ndogo yenye kisabufa chake, ina ARC, nitaiandikia nikishakaa nayo. Nyaya za spika za nyuma nilisahau kumpa binamu, bado ziko juu ya friji.