Kitabu cha matetemeko nilichochukua mtumba Mwanjelwa: kinafaa, ila kina mapengo yake

Nimekaa na hiki kitabu miezi minne sasa nikaona niandike kwa faida ya mwingine anayefikiria kununua vitabu vya namna hii. Ni kitabu cha kuanzia sayansi ya matetemeko ya ardhi, cha kizungu, kile wanachosoma wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo, nilikipata kwenye meza ya vitabu vya mtumba Mwanjelwa kwa elfu 15. Mi ni fundi ujenzi hapa Mbeya, fizikia yangu iliishia fomu foo, kwahiyo nasema kama mtu wa kawaida sio mtaalamu.

Sababu ya kukitafuta ni Disemba 2009. Nilikuwa saiti Kyela, ndo nimeanza anza ufundi, yakaanza yale matetemeko ya Karonga upande wa Malawi na huku kwetu yanasikika kabisa, la kwanza likapita watu tukaambiana basi limeisha, kesho kutwa lingine, tukalala nje, na lile kubwa kuliko yote lenye ukubwa wa 6.0 likaja baada ya kama wiki mbili hivi wakati watu wengi wameshazoea na kurudi ndani. Hilo swali nilikaa nalo miaka yote, kwanini kubwa lije mwisho?

Sasa kitabu chenyewe. Sura za mwanzo ni tamu kweli. Kuna nadharia ya mwanasayansi Mmarekani, Reid, ya mwaka 1910, aliyeitoa baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la 1906, kwamba miamba ya pande mbili za ufa inasukumwa taratibu kwa miaka na miaka, inapinda bila kuachia, halafu siku moja inafyatuka. Ukishawahi kukunja mwanzi mbichi ukakuponyoka mkononi umeelewa sura nzima. Kilichoniuma ni kwamba mwaka huohuo wa 1910, mwezi Disemba, Rukwa hapa jirani ilipigwa na tetemeko la kama 7.4, moja ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika, na kitabu hakina hata mstari mmoja juu yake.

Sehemu ambayo peke yake imerudisha hela yangu ni ya mawimbi. Tetemeko likitokea linatuma mawimbi ya aina mbili ndani ya ardhi, ya P yanayosukuma na kuvuta, yanakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye miamba ya juu, na ya S yanayotikisa kukata njia, haya yanakwenda kama 3.5. Mi nilielewa kwa bodaboda na bajaji, zikitoka Tukuyu saa moja kuja Uyole bodaboda inatangulia, na kadri safari ilivyo ndefu ndivyo bajaji inavyozidi kuachwa, kwahiyo ukijua imechelewa kiasi gani unajua zimetoka mbali kiasi gani. Kwa matetemeko ya karibu unahesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na mtikisiko wenyewe unazidisha kwa 8 unapata kilomita. Kuna usiku mmoja nyumbani tulisikia mngurumo kama fuso limepita, vyombo vikatulia kidogo, halafu kama sekunde tano ndo kitanda kikacheza, nikakumbuka baadae nikapiga hesabu, kilomita 40 hivi! Ila haikwambii ni upande gani, kwa hilo lazima uwe na vituo vitatu vya kupimia, kila kimoja kinachora duara lake na pale zinapokutana ndipo penyewe.

Hesabu za ukubwa nazo zimeniondolea ujinga mkubwa. Nilikuwa naona 6 na 7 ni kama zimepishana kidogo tu, kumbe ukipanda namba moja nguvu inayoachiwa inaongezeka kama mara 32. Nikachukua lile la Bukoba la Septemba 2016, 5.9, lililobomoa nyumba na kuua watu, nikalinganisha na la Rukwa, inakuja karibu mara 180. Nilikaa kimya kwa kweli.

Mapungufu sasa. Kuanzia katikati hesabu zinakuwa nzito, sura mbili nilizivuka nikaja kuzirudia na jirani yangu mwalimu wa fizikia, bila yeye ningekiacha. Halafu mifano yote ni California, Japani na Chile, yaani mabamba (vile vipande vikubwa vya gamba la dunia) yanayosuguana au moja kuzama chini ya jingine. Sisi huku ardhi inaachana, upande mmoja unashuka ndo unapata hizi kuta za milima kama ile ya Loleza juu ya mji. Afrika Mashariki imepewa nusu ukurasa na ramani ambayo Mbeya haipo, nimeiweka mwenyewe kwa kalamu, maana hapa ndo mikono mitatu ya bonde la ufa inakutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa, na volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo zimesimama palepale.

Na swali langu la Karonga? Nimepata aya moja tu, kwamba kawaida kubwa linatangulia na madogo yanafuata yakipungua, lakini sehemu nyingine hasa za bonde la ufa na volkano yanakuja kwa kundi bila kufuata huo mpangilio, na hakuna anayeweza kukwambia mapema lipi litakuwa kubwa. Aya moja! Ila imenitosha kuacha kuwaambia watu limeshaisha warudi ndani.

Sura ya majengo ni fupi ila nimeshaitumia. Ile pembetatu ya tofali juu ya ukuta chini ya paa ndiyo inayoanguka mapema, na tofali za kuchoma zilizojengewa udongo zinaachana haraka, kwahiyo saivi mteja akitaka nikate lenta iishie juu ya milango na madirisha tu namwambia hapana mama, hii izunguke nyumba nzima na nondo zipishane kwenye kona, gharama inaongezeka kweli lakini naeleza mpaka anaelewa.

Cha mwisho, kabla hujalipa kagua kurasa moja moja. Changu kimechanwa kurasa 16 sura ya udongo laini, ile inayoeleza kwanini mtikisiko unakuwa mkali zaidi bondeni kuliko kwenye mwamba, na mi ndo nna kiwanja cha mteja Kyela kwenye udongo wa hivyo. Mwenye kitabu chochote cha kuanzia chenye hiyo mada naomba aniazime, hata picha za simu zinatosha.