Nimeulizia upasuaji wa kupunguza uzito Mwanza, sehemu mbili: moja nyota 1, nyingine nyota 4

Tangu niropoke kwamba nafikiria operesheni ya unene kila mtu ananiuliza imefikia wapi, kwaiyo naandika hapa mara moja iishe.

Kwanza mjue mi ni nani. Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba mwaka wa 14 huu, nina miaka 41, watoto watatu, urefu sentimita 162, na mwezi wa pili nilikuwa na kilo 118. Hizo kilo nina uhakika nazo maana mizani ya famasi iligoma ikaonyesha vimistari tu, nkaenda kupanda ile ya kupimia sangara, vijana wakacheka wee, mmoja akauliza "mama, huyu tumwandike kwa bei ya jumla?" na mi nkacheka nao lakini usiku ule sikulala. Nina sukari mwaka wa sita, presha, na magoti ndo usiseme. Na huku Usukumani ukinenepa unasifiwa bana, umenawiri, maisha yamekukubali, mama mkwe mpaka leo anaona nataka kwenda kujikondesha ili watu waseme mwanae hanilishi. Hajawahi kuniona kwenye daladala ya Igoma nalipa siti mbili na konda bado kanuna.

Haya, nyota 1. Ni kliniki fulani ya mjini, jina naliacha. Niliwaona kwenye simu, picha za kabla na baada, ofa mpaka mwisho wa mwezi. Ukifika pazuri kweli, kiyoyozi, maji ya baridi, binti wa mapokezi anakuita mamii. Robo saa haijaisha nishaandikiwa bei ya puto (lile linalowekwa tumboni) na bei ya slivu (operesheni ya kukata mfuko wa chakula) kwenye karatasi na naambiwa niache advansi kabla ya Ijumaa kwa sababu daktari anakuja mara moja tu kisha anaondoka. Sasa jambo lililonishinda: hakuna mtu aliyenipima. Yaani unaniuzia kupunguza kilo na hujauliza ni kilo ngapi! Mi mteja akija gunia linapanda mizani kwanza ndo tunaongea hela. Nkasema nina sukari nakunywa metfomini, yule binti akajibu "hiyo itaisha yenyewe mamii". Nkauliza nikishafanyiwa tumbo likinishika saa nane usiku nampigia nani, akanipa namba ileile ya wasap ya matangazo. Nkanywa maji yao nkaondoka.

Sehemu ya pili nilipelekwa na daktari wangu wa sukari, kliniki ya upasuaji kwenye hospitali kubwa, nayo siitaji maana nina la kulalamika. Nimefika saa moja asubuhi, nimeonana na dokta saa saba na nusu mchana. Na viti! Viti vya plastiki vyenye mikono, kliniki wanayokuja vibonge ndo mnaweka viti vya kubana mapaja, nilipoinuka kikainuka na mimi, sista akaja kukivuta huku anajitahidi asicheke. Hapo nyota moja imeshaondoka.

Ila dokta. Mtu mzima, anaongea taratibu utadhani hana wagonjwa wengine nje. Hakuanza na operesheni, aliniuliza "mama, ukipungua unataka ufanye nini ambacho leo huwezi?" Nlitaka kujibu nipendeze nkaona aibu, nkasema ukweli. Zamani dagaa nilikuwa nashuka mwenyewe kwenye mitumbwi, unapita juu ya ule ubao unachagua ukiwa umezishika mkononi, siku hizi ubao naogopa namtuma kijana na kijana ananiletea zenye mchanga. Akaandika. Kabisa, akaandika kwenye faili.

Kisha ikaja hesabu, kilo unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, wanaita BMI, yangu ikatoka 45. Akanieleza kwamba utaratibu uliotoka Marekani mwaka 1991 ulikuwa unataka uwe na 40 kwenda juu, au 35 kama una magonjwa yanayosababishwa na unene, halafu mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikalegeza, 35 inatosha hata kama huna ugonjwa, na mwenye sukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. "Kwa namba umepita, sasa nionyeshe dawa zako." Nkamwaga mfuko wote mezani. Metfomini sawa, ya presha sawa, akashika diklofenaki. Hiyo nakunywa kwa ajili ya magoti karibu kila siku, nanunua dukani tu kama pipi. Akasema hii ukishafanyiwa, hasa ile ya baipasi, yaani wanaunga mfuko wa chakula na utumbo, unaachana nayo maana inaleta vidonda pale walipounga, kwaiyo kama magoti yako hayaendi bila diklofenaki tutafute kwanza njia nyingine ya magoti. Fikiria, ningelipa ile advansi Ijumaa nani angeniambia?

Akauliza na kiungulia. Jamani mi kiungulia ni ndugu yangu, nikila sato wa kukaanga usiku nalala nimekaa. Kumbe ina maana kubwa. Mtaani tunasema "kukata utumbo" lakini slivu haigusi utumbo, wanakata mfuko wa chakula wenyewe, karibu asilimia 80 unatolewa moja kwa moja na haurudishwi, unabaki kama ndizi, na ile sehemu inayotolewa ndo inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa ndo maana watu wanakosa hamu ya kula. Shida yake inaweza kukuongezea kiungulia. Baipasi wanaacha kimfuko kidogo sana kama mililita 30 wanakiunga na utumbo mwembamba, kiungulia kinatulia na sukari inaitikia vizuri, ila ukila vitu vya sukarisukari unaweza kutoka jasho, moyo unakimbia, unaharisha, na vitamini vinapita bila kufyonzwa. Kwa puto hakikatwi kitu, linaingizwa kwa mdomo, aina nyingi zinakaa miezi sita kisha linatolewa, na likitoka na wewe ukawa hujabadilika kilo zinarudi. Nkauliza na zile sindano za kupunguza hamu ya kula, akasema zinasaidia wengi tu ila ukiacha uzito hupenda kurudi, kwaiyo piga hesabu ya kila mwezi siyo ya mwezi mmoja. Hakuniambia chagua hiki, alisema nikapige endoskopi kwanza, kile kipimo cha kamera inayopita mdomoni mpaka tumboni, waangalie na wale bakteria wa vidonda vya tumbo.

Hatari hakuficha. Pale waliposhona pakivuja ni dharura, damu inaweza kuganda mguuni, mawe ya nyongo kwa sababu unapungua haraka, nywele zinanyonyoka miezi ya mwanzo, ngozi inaning'inia. Na mkoromo akauliza, baba Neema akajibu kabla yangu, "dokta huyu anakoroma mpaka ananyamaza, mi ndo naogopa akinyamaza." Basi na hilo likaandikwa, maana daktari wa usingizi lazima ajue.

Nilipovunjika moyo ni hapa. Mi kichwani nilikuwa naiona 65, kilo za harusi yangu. Dokta akachukua kalamu: wengi wa slivu wanapunguza kama robo ya uzito wao, baipasi inazidi kidogo. Robo ya 118 ni 29 na nusu, kwaiyo tuseme 88. Themanini na nane! Nlikaa kimya. Akaniacha nikae kimya, hilo nalo nampa alama. Kisha akauliza, "kwenye ule ubao, 88 atapita?" Nkasema atapita.

Kwa afisa lishe ndo nilipenda zaidi, binti mdogo ila ana maneno. Alitoa kikombe cha kahawa, vile vidogo wanavyozunguka navyo wauza kahawa pale Makoroboi, akaniwekea mezani akasema "mama, mwanzoni huu ndo mlo wako." Wiki mbili za kwanza vimiminika tu, halafu vilivyosagwa, halafu laini, ugali sio leo wala kesho. Unaanza na samaki au maharage au yai, wanga mwisho kama kuna nafasi. Maji hayanywewi na chakula, subiri nusu saa. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma, kalsiamu, B12, mpaka kufa, na damu inapimwa kila mwaka. Baba Neema akauliza kuhusu mtoto wa nne (hatujawahi kulizungumza nyumbani, nlimwangalia tu), akaambiwa mimba isubiri mwaka mpaka mwaka na nusu.

Sasa lililonipunguzia raha. Wao walinishauri operesheni yenyewe nikafanyie Dar, Muhimbili kule Mloganzila wana huduma ya puto na ya upasuaji, na gharama waliniambia niulize hukohuko. Hakuna aliyenipa hata karatasi ya maelezo, haya yote niliyaandika mwenyewe nyuma ya daftari la madeni. Na mtu wa ushauri wa kisaikolojia nilitajiwa tu, hakuwepo siku ile, wakati mi nakula sana nikiwa na mawazo na nadhani hapo ndo kwenye kazi. Mtu wa Mwanza jiulize pia nauli za kurudirudi kliniki, na dukani atakaa nani.

Ni mwezi wa nne sasa. Endoskopi tayari, bakteria nilikuwa nao nikatibiwa, diklofenaki nimeacha na magoti nafanyishwa mazoezi Jumanne na Alhamisi. Kikombe cha kahawa nilinunua changu, kila Jumamosi nakula kwa kikombe kile siku nzima najipima kichwa, Jumamosi ya kwanza saa kumi jioni nlimlilia mtoto ananiomba chapati. Nipo 111. Dokta anasema sina haraka na ukumbi wa operesheni hauondoki. Mi naona nitafanya, baipasi siyo slivu, lakini advansi sijalipa popote.

Ukienda beba dawa zako zote kwenye mfuko hata zile unazoona aibu, nenda na mtu anayelala na wewe chumba kimoja, beba daftari, na ukae kwenye benchi la mbao pale dirishani, vile viti vya plastiki achana navyo.