Kozi ya Kihispania cha amana: nzuri kwa karani, si kwa anayeanza

Mimi kazi yangu ni kutafsiri mikataba, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa kuagiza kahawa. Kozi hii ya mtandaoni inaingia moja kwa moja kwenye fideicomiso ya Meksiko, yaani amana ambapo mmoja hushika mali kwa faida ya mwingine: fideicomitente ndiye anayeweka mali, fiduciario ni mdhamini, ambaye huko kwa kawaida ni benki, na fideicomisario ni mnufaika. Ukichanganya hao wawili wa mwisho, umeipa benki nyumba ya mteja! Mwalimu anayakazia kwa mkataba wa nyumba ya ufukweni, kipengele baada ya kipengele. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini au 100 kutoka mpakani, hivyo benki hushika hati kwa niaba yake hadi miaka 50, na muda huo huweza kuongezwa. Somo hilo peke yake limenirudishia pesa yangu.

Sehemu ya Hispania ni nyepesi mno. Wanagusia kwamba sheria ya huko haina amana ya mtindo wa sheria ya Kiingereza (trust), basi, wanarukia kampuni. Sauti zinakwaruza, na maswali yanajirudia hadi yanachosha. Kama bado unahangaika na vitenzi, pita. Karani wa wakili anunue, ila asubiri punguzo.