Swichi Mbili za Staki na Uelekezaji Kati ya VLAN: Tathmini Baada ya Miezi 14

Nimezitumia swichi hizi mbili kwa miezi 14, na nimechelewesha tathmini hii kwa makusudi, kwa kuwa tabia ya swichi ya tabaka la tatu (yaani inayoelekeza pia data kati ya mitandao tofauti) haijulikani siku inapotolewa kwenye boksi, bali siku mwenzake anapozimika. Jina la mtengenezaji naliacha. Kasoro nitakazozieleza nimewahi kuzikuta, kwa sura tofauti kidogo, kwenye vifaa vya watengenezaji wengine, na anayepima swichi za staki za aina yoyote atafaidika zaidi kwa kujua kinachoharibika na namna ya kukitambua.

Kila swichi ina poti 48 za gigabiti 1, poti 4 za gigabiti 10 kwa ajili ya nyuzi za mwanga, na matundu mawili nyuma kwa ajili ya kebo za staki. Zikishaunganishwa huonekana kuwa kifaa kimoja chenye anwani moja ya usimamizi na faili moja ya usanidi, ambapo poti za swichi ya kwanza huanza na namba 1 na za swichi ya pili na namba 2. Feni zinavuma kwa nguvu wakati wa kuwaka, kisha zinatulia. Kwa upande wa chuma na ujenzi sina lawama yoyote.

Kazi niliyozikusudia ilikuwa ya kawaida kabisa, kugawa mtandao katika VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile: VLAN 10 kwa kompyuta za wafanyakazi, VLAN 20 kwa printa na kamera, VLAN 30 kwa seva, na VLAN 40 kwa wageni. Kiwango cha 802.1Q kinaiongezea fremu (kifurushi cha data kinachosafiri ndani ya mtandao mmoja) lebo ya baiti 4, na ndani yake kuna biti 12 za namba ya VLAN, kwa hiyo namba zinazotumika ni 4094, idadi ambayo ofisi ya ukubwa wetu haitaimaliza kamwe. Kugawa VLAN ni kazi ya dakika chache. Ugumu unaanza pale kompyuta ya VLAN 10 inapotaka kuchapisha kwenye printa ya VLAN 20, kwa sababu hapo fremu haitoshi tena na lazima kitu fulani kielekeze pakiti (data yenye anwani za IP) kutoka subneti moja, yaani kundi la anwani za IP la VLAN moja, kwenda nyingine. Kitu hicho ndicho nilichokuwa nikikinunua.

Lawama ya kwanza ni kwamba uelekezaji umezimwa kiwandani, na mwongozo unalitaja jambo hilo katika sura inayohusu mambo mengine kabisa. Nilikuwa nimeshaweka anwani kwenye kila kiolesura cha VLAN, kila kompyuta ilikuwa inalifikia lango lake (anwani hiyo ya swichi, ambayo pakiti hupitia kutoka kwenye subneti), na bado hakuna pakiti iliyovuka. Amri moja ya kuwasha uelekezaji ilimaliza tatizo, lakini kabla ya kuipata nilipoteza nusu siku nikikagua tranki (viungo vinavyobeba VLAN nyingi) ambazo hazikuwa na kosa. Kifaa kinachouzwa kwa sifa ya kuelekeza pakiti kingepaswa angalau kutoa onyo unapokipa anwani ya pili ya IP huku uelekezaji ukiwa umezimwa.

Jambo la pili si kasoro ya kifaa, ila maneno ya konsoli (skrini ya amri za swichi) yanapotosha. Kiolesura cha VLAN hakiamki mpaka VLAN yenyewe iwe imeundwa na angalau poti moja iliyo hai iwe inaibeba. Nilipoandaa VLAN 40 jioni, wakati hakuna kifaa chochote cha mgeni kilichochomekwa, konsoli iliandika kwamba kiolesura kimewashwa lakini kiko chini, na subneti yake haikuonekana kwenye jedwali la njia. Nilichomeka kompyuta ndogo kwenye poti mojawapo, na baada ya sekunde chache njia ikatokea.

Lawama yangu kubwa zaidi inahusu zana ya pingi (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kifaa kinajibu) iliyomo ndani ya swichi. Ukiwa kwenye konsoli ukapingi printa ya VLAN 20, swichi huchagua yenyewe anwani ya kutokea, na huchagua ile iliyo karibu zaidi na printa, yaani anwani yake ya VLAN 20. Pingi hiyo inatoka na kurudi ndani ya VLAN ileile. Haijaelekezwa popote, na jibu lake halithibitishi chochote kuhusu uelekezaji. Nimewaona mafundi wenye uzoefu wakisema kwa uhakika kwamba mtandao hauna tatizo kwa sababu swichi inaifikia printa, huku mfanyakazi aliyeketi VLAN 10 akiendelea kungoja karatasi yake. Jaribio la maana ni kuitaja anwani ya kutokea wazi, kuifanya iwe ya VLAN 10, na ndipo kupingi printa. Printa ikijibu ya kwanza na kukataa ya pili, basi mara nyingi yenyewe haijui njia ya kurudi: ama lango lake halikuandikwa, ama maski yake ya subneti (namba inayoonyesha ukubwa wa subneti) ni 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0, kwa hiyo inadhani kompyuta ya VLAN 10 ni jirani yake na inaitafuta kwa ARP (njia ya kuuliza majirani nani mwenye anwani fulani ya IP) badala ya kuikabidhi pakiti swichi. Kwenye swichi hizi uwezo wa kutaja anwani ya kutokea upo, ila umefichwa ndani ya menyu ndefu ya maswali ambayo wengi huiruka, na kwenye ukurasa wa usimamizi wa kivinjari haupo kabisa.

Niongeze tahadhari moja hapa. Kompyuta nyingi zina faiawoli inayojibu pingi ya subneti yake na kuikataa ya subneti nyingine, kwa hiyo ukimya wa kompyuta si ushahidi wa kutosha dhidi ya swichi. Mimi hujaribu kwanza kwa kulipingi lango la VLAN ya mbali, kisha kifaa ambacho najua hakina faiawoli.

Sasa nifike kwenye staki yenyewe, ambako swichi hizi zilinifundisha mengi kuliko nilivyotarajia. Katika staki swichi moja huwa kuu: ndiyo inayotunza jedwali la njia na kujibu kwa niaba ya malango yote, na nyingine hungoja kushika nafasi yake. Asubuhi moja tuliizima swichi ya kwanza, iliyokuwa kuu, ili kubadilisha kigavi cha umeme kilichokuwa kinapiga kelele. Ya pili ilishika ukuu haraka, na kompyuta zilizochomekwa kwake ziliendelea na kazi baada ya kusita kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuisifu. Kisha simu zikaanza kuingia: hakuna anayeweza kuchapisha, ingawa printa zote zilikuwa kwenye swichi ya pili na taa zake zilikuwa kijani.

Kila nilichokagua kilikuwa sahihi. Njia za VLAN zote zilikuwepo, jedwali la ARP la swichi lilikuwa na anwani za printa zote, na pingi kutoka anwani ya VLAN 20 ilijibiwa na kamera kadhaa lakini si na printa. Ndipo nikaielekeza nakala ya mawasiliano ya poti ya printa moja kwenye kompyuta yangu na kutazama fremu zikipita. Ombi liliingia vizuri kwenye printa, na printa ilijibu mara moja, lakini jibu lilikuwa limeandikiwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao) iliyoishia na 4a:80, wakati lango la VLAN 20 saa ile lilikuwa linaitika kwa anwani iliyoishia na c1:00. Printa ilikuwa inazungumza na swichi iliyolala mezani bila umeme.

Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Staki huazima anwani ya MAC ya swichi kuu na kuifanya anwani ya malango yote. Ukuu ukihama, anwani nayo hubadilika, na staki hutakiwa kutangaza mabadiliko hayo kwa ARP isiyoombwa na mtu ili kila kifaa kisahihishe kumbukumbu yake. Kompyuta zilisikia tangazo. Printa zetu zilishikilia anwani ya zamani. Niliporudia zoezi hilo wiki iliyofuata nikiwa narekodi fremu tangu mwanzo, nilikuta kwamba staki ilitangaza mara moja tu kwa kila VLAN, kisha ikanyamaza. Kwa maoni yangu hilo ni dogo mno, kwa kuwa fremu moja ya tangazo inaweza kupotea au kupuuzwa, na kifaa kisichoisikia hubaki gizani mpaka kumbukumbu yake iishe muda au kizimwe na kuwashwa.

Tiba ipo ndani ya swichi, na inafanya kazi: kuna mpangilio unaoiamuru staki iendelee kutumia anwani ileile ya MAC hata swichi kuu ikiondoka. Tangu niuwashe nimebadilisha ukuu mara tatu, na printa hazikugundua lolote. Mpangilio huo nao huja ukiwa umezimwa, na unadai uangalifu wake: ukiiondoa swichi yenye anwani hiyo na kuichomeka peke yake mahali pengine kwenye mtandao uleule, utakuwa na vifaa viwili vyenye MAC moja, na dalili zake ni mbaya kuliko ugonjwa wa kwanza. Jambo jingine la kujua ni kwamba swichi ya kwanza iliporudi haikudai ukuu wake, ingawa ndiyo yenye kipaumbele cha juu. Kipaumbele huangaliwa wakati wa uchaguzi tu, na uchaguzi ulikuwa umekwisha. Napenda ilivyo, kwa sababu kurudisha ukuu papo hapo kungekuwa kuwasumbua watu mara mbili.

Kuhusu kebo za staki, boksi lilikuja na kebo moja tu kwa kila swichi, na ni rahisi kuridhika na moja iliyochomekwa kwa kuwa kila kitu huonekana kufanya kazi. Chomeka zote mbili ili mduara ukamilike. Kwa kebo moja uwezo wa staki hushuka hadi nusu, na kebo hiyo ikilegea kila swichi hujiona kuu, zote zikitumia anwani zilezile za malango, hivyo pakiti hupotea bila mpangilio unaoeleweka. Kuna poti unayoweza kuitenga ili swichi zitambuane hata kebo za staki zikikatika. Niliiweka siku ileile niliposoma habari zake.

Huduma ya msaada ilikuwa ya sura mbili. Fundi wa kwanza aliniambia nizime swichi zote mbili na kuziwasha, akafunga tiketi kabla sijamjibu. Nilipoifungua upya nikapewa fundi mwingine, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa jedwali la ARP la kifaa kilichoathirika na la pili ni kama nilibadilisha swichi kuu hivi karibuni, na ndani ya nusu saa alinielekeza kwenye mpangilio nilioutaja. Kama ningempata huyo mwanzoni, ningeipa huduma alama za juu.

Kasi yenyewe haijawahi kunipa shida: uelekezaji unafanyika ndani ya chipu, na kunakili faili kubwa kutoka seva ya VLAN 30 kwenda kompyuta ya VLAN 10 kunaijaza poti ya gigabiti 1 iwe vifaa hivyo viko swichi moja au swichi tofauti. Mara moja tu nilidhani kuna kasoro, intaneti ilipokataa kwa VLAN 40 peke yake, nikakuta ruta ya nje haikuwa na njia ya kurudi kwenye subneti hiyo. Swichi haikuwa na hatia.

Kwa fundi aliye tayari kutumia siku mbili kubadilisha mipangilio ya kiwandani na kuizima swichi kuu kwa makusudi kabla watumiaji hawajaingia, naipa staki hii alama 4 kati ya 5. Kwa anayetaka kuchomeka na kuondoka, alama ni 2. Mwezi ujao tunaongeza swichi ya tatu ya aina hiihii, na kebo yake ya ziada ya kufunga mduara nimekwisha iagiza.