Programu ya muziki inayokula ukimya: uzoefu wangu na piano ya huzuni

Naandika haya hasira ikiwa bado ya moto, na sina mpango wa kuisubiri ipoe. Programu ya muziki ninayoilipia kila mwezi, bila kuchelewa, imenikatia Für Alina, kipande cha piano cha mtunzi wa Estonia Arvo Pärt, pale pale mwishoni. Haikukwama, wala intaneti haikusumbua. Noti za mwisho zilikuwa bado zinafifia, mpigaji hajaachia kanyagio, mara juu yake ukapandishwa wimbo mwingine wenye ngoma na besi. Eti kuna mpangilio wa "kuunganisha nyimbo" ili pasiwe na pengo kati ya wimbo na wimbo. Nani aliomba pengo lizibwe? Mimi nalipia hilo pengo!

Kwa ambaye hajawahi kukaa na muziki wa namna hii, nieleze kidogo kwa nini nimepandwa na jazba. Piano si kama fidla. Fidla unaweza kuivuta sauti, ukaikuza utakavyo. Kwenye piano nyundo inagonga uzi, inarudi nyuma, na kuanzia hapo sauti inapungua tu mpaka iishe. Anachoweza mpigaji ni kukanyaga kanyagio la kulia ili vizuizi vya sufu visishuke kwenye nyuzi, kisha asubiri. Watunzi wa piano hii nyeusi, yenye noti chache, wameichukua hali hiyo wakaifanya ndiyo muziki wenyewe. Unasikiliza sauti inavyoondoka.

Für Alina ni kurasa mbili tu. Pärt aliiandika mwaka 1976, baada ya miaka kadhaa ambayo hakutunga karibu chochote, na aliiandika kwa ajili ya binti aliyehamia Uingereza na baba yake huku mama akibaki nyuma. Inafunguka kwa mlio mzito wa chini kabisa unaoachwa uvume. Kisha mikono yote miwili inatembea pamoja huko juu, sauti nyembamba kama za kengele ndogo, noti fupi, noti ndefu. Kila sentensi ya muziki inaongeza noti moja kuliko iliyotangulia, ikifika katikati zinaanza kupungua tena. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Sasa mtu aliyefuatilia noti zikipungua hivyo, moja baada ya nyingine, halafu ile ya mwisho anamwagiwa ngoma masikioni, anajisikiaje? Ni sawa na kunyang'anywa sahani tonge la mwisho likiwa mkononi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikataja hadi dakika na sekunde ilipotokea. Mhudumu akajibu kwamba rekodi hiyo "ina sehemu tupu" mwishoni, kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyokusudiwa, na kwamba kama siku hizi najisikia mnyonge anaweza kunipendekezea nyimbo za kuchangamsha. Nilisoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Sehemu tupu! Zile ni nyuzi za piano bado zinatetemeka, ukivaa hedfoni nzuri unazisikia waziwazi. Na nani amemwambia mimi ni mnyonge? Mtu mwenye lake moyoni hahitaji kuambiwa achangamke. Anahitaji wa kukaa naye bila maneno mengi, na muziki huu unajua kukaa na mtu. Nimetoka kwenye vipande hivi nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia, kila mara, na sijui kingine kinachonifanyia hivyo.

Dharau ile ile iko kwenye programu nzima, nilikuwa sijaiona tu. Ukitafuta piano ya huzuni unapelekwa kwenye orodha za kulalia na za kusomea, katikati ya sauti za mvua. Mle ndani wamemtia Erik Satie, mtunzi wa Kifaransa! Gymnopédies zake, vipande vitatu vya piano, ni za mwaka 1888, na ya kwanza kamwandikia mpigaji aicheze polepole na kwa uchungu. Uchungu, jamani, hakuandika usingizi. Mkono wa kushoto unagonga noti ya chini, unajibu kwa noti za juu zikiwa pamoja, unarudia vilevile kwa utulivu kiasi kwamba unaanza kuamini hakuna baya. Mwishoni kabisa, kwenye mlio wa kufungia, sauti inageuka giza. Ukishasinzia hapo kati, huo mlio umekupita, na huo ndio uliobeba kipande chote.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana sitaki kuwaonea. Huyo Satie nililetewa na programu hii hii. Albamu niliyokuwa nikisikiliza iliisha, yenyewe ikaendelea na kitu ilichokichagua, nikaacha kazi niliyokuwa nafanya nikabaki nasikiliza tu. Kutoka kwa Satie ikanipeleka kwa Pärt, na kutoka kwa Pärt hadi albamu ya mpiga piano wa Kijerumani Nils Frahm iitwayo Felt, ya mwaka 2011, ambayo sijaweza kuiacha hadi leo. Frahm alikuwa akipiga usiku, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani akaweka kitambaa cha sufu mbele ya nyuzi, halafu akasogeza maikrofoni karibu kabisa. Ndiyo maana unasikia hadi mbao zikilia, kanyagio likipanda, nyundo zikirudi mahali pake. Unahisi umeinama ndani ya kinanda. Bila programu hii ningeyapata wapi haya? Hakuna rafiki yangu hata mmoja aliyewahi kunitajia.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota moja, na hapa katikati nikapandisha hadi tatu. Kwa kugundua muziki, inastahili hata nne. Kwa kuusikiliza muziki huo uliougundua, sijui niseme nini, maana mkono ule ule ulionipa ndio unaonipokonya. Rekodi ninazozipenda zaidi nimeanza kuzinunua, nazihifadhi kwenye kompyuta na kuzisikiliza huko bila mtu kuziingilia.

Kwa mwenye shida kama yangu: fungua mipangilio, ingia sehemu ya uchezaji, shusha sekunde za kuunganisha nyimbo hadi sifuri. Zima pia ule mpangilio wa kusawazisha sauti, kwa sababu unakuza vipande vya sauti ya chini mpaka vinalingana na nyimbo za disko. Mimi nilizima vyote viwili na kwa muda nilistarehe. Juzijuzi programu ikajisasisha, nikaketi kusikiliza, na vyote viwili nikakuta vimejiwasha tena bila kuniuliza. Nyota ya tatu nimeiondoa.